Karavani ya Dada Zaituni na Simenti ya Shemeji

Mtu akiwaambia kwamba kustaafu ni kupumzika, muulizeni kwanza alikuwa akifanya kazi gani. Mimi nilinyoosha bodi za magari mjini Arua tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe, na siku niliyofunga gereji mikono yangu haikupewa habari. Kulipokucha ikaamka kama kawaida, ikaanza kutafuta. Hapa Awindiri nikanyoosha sufuria zote za mke wangu, nikabadilisha bawaba za milango isiyokuwa na shida, nikafungua pasi iliyokuwa nzima na nilipoifunga ikabaki skrubu moja isiyo na kwao. Mke wangu akaniuliza kwa upole kama sina ndugu yeyote mwenye kitu kibovu.

Nilikuwa naye. Ninyi vijana mnaoshika grainda leo kila mkija hapa mnataka niwaeleze namna ya kutoa kutu, na mimi siwezi kueleza kutu bila kumweleza dada yangu Zaituni. Kaeni. Mimi nitasimama, nikikaa naumwa mgongo.

Dada Zaituni ni mkubwa wangu. Alinibeba mgongoni mama akiwa sokoni, na hadi leo, mimi mwenye wajukuu, ananiita "we mtoto" mbele za watu. Aliolewa Koboko na Haji Idrisa, mtu mpole, mlinzi wa kampuni moja iliyokuwa ikitengeneza barabara. Kampuni ilipomaliza kazi ikamwachia karavani, ile nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu ambayo mainjinia walikuwa wakilala ndani yake na kuivuta kwa gari kila barabara iliposogea mbele. Haji akaiweka nyuma ya jiko, akatangaza mbele ya watu waliokuja harusini kwao kwamba hii ni ya Zaituni, siku moja atauzia chai humo. Siku yenyewe ikachelewa. Karavani ikawa banda la kuku, ikawa ghala la mtama, mwishowe ikawa kitu ambacho mgeni anakitazama na kuona haya kuuliza. Kisha Haji akafariki, Mungu amrehemu. Mtoto hawakujaliwa.

Sasa niwaambie mapema jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa. Baada ya maziko nilirudi Arua kuchukua nguo, na nilipokuwa huku wazee wa boma wakakaa kikao. Wakasema ardhi ni ya ukoo, na kila nyumba iliyosimama juu ya ardhi ile ni ya ukoo. Zaituni atakaa mpaka amalize eda yake, halafu atatoka na vitu vyake vyote vinavyoweza kupita getini. Wenye elimu ya dini watasema mjane ana fungu lake katika mirathi, na wanasema kweli, ila kwenye kikao kile shehe hakuitwa, waliitwa ami zake marehemu. Dada aliwasikiliza kutoka ndani, hakubishana. Alikuwa ameshawaza. Karavani ina magurudumu, na gurudumu linapita getini. Ikitembea, atatoka na nyumba yake na biashara yake. Isipotembea, mwanamke wa miaka sabini atatoka na godoro na sufuria, akakae kwenye kona ya nyumba ya mtu.

Eda, kwa wale ambao si wa kwetu, ni ile miezi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani baada ya mumewe kufa, hatoki, hajipambi. Kwetu Wanubi wanawake hujaa chumbani kukaa naye, kwa hiyo hata mimi ndugu yake wa damu nilikuwa nasimama nje na kuongea naye kupitia dirisha lenye pazia. Alinipigia simu nikiwa bado Arua. Akasema njoo unitengenezee karavani kabla sijatoka eda, anza na magurudumu. Habari ya kikao hakuitaja, alidhani shemeji zangu wameshaniambia, na wao labda walidhani ameniambia yeye. Neno magurudumu nililisikia vizuri kabisa. Ila fundi wa miaka yote ile haambiwi aanzie wapi.

Nikaanzia juu, kwenye paa.

Na kwa ufundi nilikuwa sahihi, hilo nitalitetea mpaka mnifukie. Kutu unaiona chini, lakini maji yake yameingilia juu. Ukitengeneza sakafu na paa linavuja, umetengeneza beseni. Hili alinifundisha Mkongo mmoja wa upande wa Ariwara aliyekuwa na gereji Arua, tukimwita Mandefu kwa sababu ya ndevu zake. Mandefu alikuwa akikuona unasugua kutu kwa msasa anakuja kusimama nyuma yako. "Kutu iko na mama na batoto," anasema. "Weye unapiga batoto. Mama iko nalala ndani, anazaa bengine." Halafu anaondoka, na wewe umtafute mama.

Fimbo hakuwa nayo, hakuihitaji. Nilipokuwa mwanafunzi niliziba sakafu ya lori la maharage kwa magazeti na puti, nikapiga rangi nyeusi, ikang'aa. Mandefu akaitazama, akamwambia dereva kwamba huyu kijana leo atakaa mbele na wewe mpaka Ajia, na miguu yake ikae palepale alipotengeneza. Hatujafika Ajia mguu wangu wa kushoto ulikuwa nje, unaangalia barabara ikipita. Tangu siku hiyo sizibi kutu. Naikata.

Nanyi ikateni. Zamani tulichomelea kwa gesi ya kabaidi, mtungi unachemka pembeni na kila mtu anaomba Mungu kwa dini yake. Umeme wa Arua ulikuwa mgeni, unakuja jioni, unaaga. Leo mna umeme hata mchana ukipenda, mna grainda ya kukatia chuma, mna mashine ya kuchomelea ya kubebwa begani, na mlango mpya unaletwa na basi kutoka Kampala. Sikatai. Ila grainda haina masikio. Chukua nyundo ndogo, pita bati lote ukigonga polepole. Chuma kizima kinaitika. Chuma kilichooza kinanyamaza, kama mtu anayedaiwa. Pale kinaponyamaza weka alama ya chaki, na ukikata usikate kwenye alama, vuka alama mpaka uone chuma cheupe, kwa sababu moto wa kuchomelea haushiki juu ya kutu, unatoboa tu na kukucheka.

Karavani ina ugonjwa wake wa peke yake. Ngozi ya nje ni alumini, mifupa ya ndani ni chuma, na hivi viwili vikilaliana maji yakaingia katikati, vinalana. Utaona unga mweupe upande huu na unga mwekundu upande ule. Usirudishe bati juu ya chuma kavu. Kata tyubu ya baiskeli iwe vipande virefu, weka katikati, ndipo ufunge. Na skrubu iliyogoma usiivunje kwa hasira. Iloweshe dizeli, nenda kanywe chai, rudi uigonge kichwani taratibu, uiloweshe tena. Hiyo chai mimi sikuinywa. Nilikuwa naizunguka karavani, naigusa huku, narudi kule, nafungua nilichokifunga asubuhi. Mtu aliyezoea kupokea magari matano kwa siku akipewa kitu kimoja anakuwa mwendawazimu.

Na kila nilipopita chini ya dirisha, pazia lilikuwa na maneno. Dada alikuwa anafuata kazi kwa masikio. "Asumani, unagonga juu. Magurudumu yako chini." Namjibu kwamba kazi ina utaratibu wake. Ananijibu kwamba eda nayo ina utaratibu wake, haingoji. Nilidhani ni uchovu wa kukaa ndani. Sote wawili hatukuumbwa kwa kukaa.

Sasa Swaibu. Huyu ni mdogo wake Haji Idrisa, shemeji yangu, na ndiye atakayekaa kwenye boma lile baada ya dada kutoka. Kila alasiri alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, anavuta kigoda, anasifu. Aliona paa limepona, akasifu. Aliona kuta zimenyooka, akapitisha kiganja, akasema mkono wa Arua ni mkono wa Arua. Mimi nimefanya kazi na wateja maisha yangu yote, watu wa kusifu ni wachache, wa kulia bei ndio wengi. Nikampenda. Si mtu mbaya Swaibu, msinielewe vibaya. Ni mtu wa ukoo.

Nilipofika chini nikakuta hali mbaya. Matairi yalikuwa yameoza, karavani imelalia tumbo, na ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, imeliwa pale inapokaa springi. Ili nichomelee kwa chini lazima iinuliwe juu, na mimi nilikuwa na jeki moja, udongo laini, na mvua zimeanza. Kulala chini ya kitu kizito kilichoinuliwa na jeki moja kwenye tope, vijana, ni kumwita Izraili kwa jina lake. Niliogopa, nikamwambia Swaibu naogopa.

Akaniambia kwa nini ujitese. Ana matofali, ana simenti iliyobaki alipojenga choo. Tujenge nguzo nne, ikae juu yake, ufanye kazi ukiwa umetulia. Na kweli akavua kanzu, akabaki na fulana, akachanganya mchanga mwenyewe. Nikajenga nguzo kila pembe. Nikazika nondo ndani ya simenti na kuzichomelea kwenye fremu, ili nikigonga isitikisike. Ekseli mbovu nikaifungua nikaiweka kando, nikisema nitaitengeneza baadaye, na Swaibu akajitolea kuihifadhi kwake watoto wasije wakajikata. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mke.

Ilikaa vizuri, wallahi. Niliweka sakafu ya mbao, nikapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nikatoboa matundu madogo chini kwenye kila pembe maji yapate kutoka, maana mafundi wengi wanaziba kila kitu halafu wanashangaa kitu kinaoza kwa ndani. Nikaweka vioo. Mwanamke mmoja katika wale waliokuwa wakikaa na dada akaja kuangalia, akapanda, akarukaruka ndani, akarudi chumbani kupeleka sifa. Punde nikaitwa dirishani.

"Asumani," dada akasema, "karavani inatikisika?"

"Haitikisiki hata kidogo, dada. Hata lori liigonge."

"Imekaa juu ya nini?"

"Nguzo za matofali na simenti."

"Simenti ya nani?"

Nikamwambia ni ya shemeji Swaibu. Ndipo akanieleza kikao chote, neno kwa neno, polepole, kama anavyoelezwa mtoto njia ya dukani. Nyumba iliyosimama juu ya ardhi ni ya ukoo. Kinachopita getini ni chake. Alipomaliza akasema, "Nilikuwa na kitu cha kutembea, we mtoto. Wewe umenijengea nyumba ya Swaibu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Baada ya aibu ikaja hofu, kwa sababu eda ilikuwa imebaki kidogo, na baada ya hofu ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyoshika nyundo. Nikachukua ile kubwa ya kunyooshea chesisi nikaenda kwenye nguzo ya kwanza. Swaibu alikuwa pale na chupa yake ya chai. Hakupaza sauti.

"Fundi, weka nyundo chini. Hapa iko msiba. Nani nabomoa nyumba ya marehemu, mjane hajatoka eda? Watu watasema nini juu ya dada yako?"

Na alisema kweli, hapo ndipo aliponiweza. Kwetu nyumba ya mfiwa haipigwi nyundo ya kubomoa kabla mjane hajatoka. Ni tusi kwa aliyelala kaburini, na lingemwangukia Zaituni. Wangesema ndugu zake walikuja kuvunja boma. Nikaiweka nyundo chini. Nikazunguka boma lile, nikatoka mpaka barabarani, nikarudi, nikatoka tena. Sikuweza kula. Wanawake walileta mboga na kisra, ile chapati yetu nyembamba ya mtama ambayo siku nyingine naipigania, nikaiangalia tu.

Jibu lilikuja nikiwa nimeinama kuangalia zile nondo. Swaibu alikataza kubomoa. Kuinua hakukataza. Kati ya fremu ya karavani na simenti palikuwa na kipande cha nondo, kidole kimoja hivi, na kidole kimoja kinatosha msumeno wa chuma. Grainda ingefanya kazi ile upesi sana, lakini umeme ulikuwa umekatika Koboko nzima, na nilifurahi, kwa sababu msumeno hauna kelele. Nikakodi jeki mjini, nikaweka mbao nene chini yake isizame, nikakata nondo zote, nikainua karavani kidogokidogo, huku kidogo, kule kidogo. Ikaachana na nguzo bila tofali moja kupasuka, nikaitelezesha pembeni juu ya magogo. Swaibu alipokuja na chai aliikuta imekaa juu ya magogo, hatua chache kutoka pale, na nguzo zake ziko kama alivyoziacha. Alikunywa chai yake peke yake siku hiyo.

Nikamwomba ile ekseli. Akasema watu wa vyuma chakavu walipita, wakadhani ni takataka, wakaichukua. Labda ni kweli. Watu wale wanapita kweli, wakikukuta umelala wanakupima kilo. Lakini sikuwa na nafasi ya kuchunguza. Nikapanda gari la Arua siku hiyohiyo, nikaanza kuzungukia watu niliowahi kuwatengenezea. Nikaipata Ayivu, kwa mkulima mmoja mwenye trela la kubebea muhogo lililokufa shambani, majani yameota mpaka kwenye springi. Alinipa ekseli yote na matairi yake, mimi nikamchomelea geti. Nikiwa Arua nikapita nyumbani Awindiri, nikafanya kazi nyingine ndogo hapa uani ambayo sikumwambia dada, halafu nikarudi Koboko nimekaa juu ya lori la nafaka na ekseli nimeipakata.

Habari za beringi za gurudumu mnazijua, ila mnaziharakisha. Beringi haipakwi girisi kama mkate. Weka girisi kwenye kiganja, isukume beringi humo mpaka girisi itokee upande wa pili, geuza, rudia. Ukiona mikono yako bado misafi, hujafanya kazi. Nilipaka mvua ikininyeshea, nikafunga, nikasukuma, ikasogea. Nilikaa chini kwenye tope nikacheka peke yangu. Kisha nikasimama nikaanza kuwaza geti.

Siku dada alipotoka eda palijaa watu. Alikuwa ameoga, amejifunga gurbaba mpya, shuka letu la Kinubi la rangi, na alipotokeza mlangoni mimi niliona kwamba amekonda, na nikalia. Hilo silifichi. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Swaibu akasimama akasema vizuri sana, kwa heshima, kwamba hana ugomvi na shemeji yake, ila kila mtu aliona nyumba ile imesimama juu ya nguzo za boma, kwa simenti ya boma. Ami yake Haji, mzee aliyeongoza kikao cha kwanza, akauliza nguzo ziko wapi. Nikampeleka nyuma ya jiko. Zilikuwa zimesimama nne, hazina kitu juu.

"Nyumba yenu ndiyo hii, mzee," nikasema. "Sikugusa hata tofali."

Wengine walicheka. Ami hakucheka, aliziangalia moja moja, akarudi kukaa. Akasema yeye aliamua juu ya kitu kinachopita getini, basi kipite, watu waone.

Nje ya geti niliweka pikapu na mnyororo. Dada akakataa kutoka kwa miguu. Akapanda karavani, akakaa kwenye benchi, akaweka mikono juu ya magoti, akasema atatoka akiwa ndani ya nyumba yake. Wale wanawake waliokaa naye miezi yote wakapanga mstari nyuma wakasukuma. Ikaenda. Ilipita jiko, ikapita kisima, ikaingia getini, na katikati ya geti gurudumu la kushoto likagoma. Nusu ya karavani ilikuwa barabarani, nusu ilikuwa kwa Swaibu.

Swaibu akasema, taratibu, "Haijapita."

Hakuna sauti niliyowahi kuichukia kama ile. Nikalala chini. Ekseli ile ya trela ilikuja na breki zake za zamani, nilizilegeza lakini sikuzitoa, na mvua ya siku mbili ilikuwa imetia kutu changa kati ya breki na ngoma yake, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, zikashikana. Nikaomba nyundo. Nikagonga ngoma upande wa mbele, haikusikia. Dirisha likafunguka juu yangu, na dada, ambaye hajui breki ni nini, akaniamuru nigonge upande wa nyuma. Nikagonga mbele tena. Kisha, kwa kuwa watu wanaangalia na yeye ndiye mkubwa, nikagonga nyuma. Ikalia tak, ikaachia. Wanawake walikuwa hawajaacha kusukuma, kwa hiyo karavani iliruka nje, nusura inikanyage, na pikapu ikaivuta mpaka katikati ya barabara. Ami alisema alhamdulillahi, akaomba chai.

Mimi nilikuwa nimejaa furaha. Nikamwambia dereva ageuze, ashike njia ya Arua. Dada akauliza kutoka dirishani tunakwenda wapi.

"Awindiri, kwangu," nikamwambia. "Pako tayari, dada. Mke wangu anakungoja."

"Pako tayari vipi?"

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa siri siku ile nilipopita nyumbani. Nikamwambia kwa fahari zote kwamba nimemwaga zege zito kando ya jiko langu, juu nimelainisha, na pembeni nimeacha nondo za kuishikilia ili isiyumbe hata upepo uje vipi.

Aliniangalia kupitia kioo nilichokiweka mwenyewe.

"Hata wewe, Asumani," akasema.

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali awe nayo. Nikasimama barabarani na nyundo mkononi, nikiziona nguzo za Swaibu kwenye zege langu mwenyewe. Yeye akamwita dereva, akamwelekeza njia ya Oraba, pale malori yanapolala kabla ya kuvuka mpaka wa Sudani Kusini. Kumbe katika miezi ile ya kukaa ndani, na wale wanawake, walikuwa wameshapatana kila kitu: mmoja ana kiwanja kando ya barabara, mwingine atasaga mtama, yeye atapika. Mimi nilikuwa nagonga bati nikidhani ndani wanasoma dua tu.

Ndiyo maana nikiwafundisha kutoa kutu nawauliza kwanza kitu ni cha nani na anataka kwenda nacho wapi. Mnadhani ni porojo za mzee. Fundi anaweza kukitengeneza kitu vizuri kabisa, na bado akamnyang'anya mwenyewe.

Karavani imeshahama mara kadhaa. Vumbi lilipozidi pale kwenye malori aliisogeza. Majirani walipoanza majungu aliisogeza tena. Madereva wanamfuata. Hata Swaibu hupita akanywa chai, na dada humpa kiti. Mimi naenda na mkebe wa girisi kila mikono inapoanza kunisumbua, na inasumbua sana. Napaka beringi, natazama matairi, ananipa kisra, ananiuliza kama nimemaliza niondoke nisizuie wateja.

Hilo zege mlilokalia ndilo lenyewe. Mke wangu alinifanya nikate zile nondo, zilikuwa zinachana kanga zake. Anaanikia muhogo hapo, na muhogo unakauka vizuri.